Tahadhari: Unga wa "Chembe za Nano" Unaodaiwa Kuondoa Risasi na Aseniki Majini

Ndugu wasomaji, ninawatahadharisha kuhusu muuzaji wa unga mweusi anaodai kuwa una chembe za nano, yaani vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho, zinazoondoa metali zote zenye sumu majini, kama risasi na aseniki. Familia yangu ilikunywa maji yaliyotiwa unga huo kwa muda, hadi nilipopeleka maabara sampuli mbili, moja ya maji kabla ya kutiwa unga na nyingine baada ya kutiwa, nikaambiwa kuwa kiwango cha risasi ni kilekile.

Kilichonishawishi ni onyesho lake. Hutumbukiza vijiti viwili vyenye umeme kwenye glasi ya maji ya mteja, maji yakageuka kahawia, kisha husema hiyo ndiyo sumu mnayokunywa kila siku. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kahawia ile ni kutu, kwa sababu kijiti kimojawapo ni cha chuma nacho huliwa na umeme. Glasi yake "safi" haibadiliki kwa kuwa ina maji yasiyo na chumvi, ambayo hayapitishi umeme vizuri. Risasi na aseniki zikiyeyuka majini hazionekani wala hazina ladha.

Teknolojia yenyewe ni ya kweli, na ndiyo maana uongo huu unaniuma. Chembe za oksidi ya chuma zenye upana usiozidi nanomita 100 hunasa aseniki kwenye uso wake, lakini uwezo huo hutegemea pH ya maji (kipimo cha uasidi wake), hupungua fosfeti, aina ya chumvi iliyoyeyuka majini, inapogombea nafasi hiyohiyo, na hukoma chembe zikishajaa. Tena sumu iliyonaswa haijaangamizwa: ni lazima chembe zitolewe kwa sumaku au kwa kichujio kinachofaa, ilhali muuzaji huyu alituambia tuuache unga utuame tu, kisha tunywe.

Asiwaridhishe pia kwa kipimo chake cha mkononi, maana hicho hupima jumla ya chumvi zilizoyeyuka, wakati kikomo cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa risasi na kwa aseniki ni mikrogramu 10 tu kwa lita, kiasi kidogo mno ambacho kipimo hicho hakiwezi kukibainisha. Mdaini matokeo ya maabara huru yanayotaja kila metali, kabla na baada.

Aliyekwisha kuununua aache kuutumia, asitegemee kuchemsha kwani metali haziondoki kwa moto, asimwage mabaki yake karibu na kisima, na ahifadhi pakiti pamoja na risiti kwa ajili ya kutoa taarifa kwa mamlaka husika, kama nilivyofanya mimi.