Ramani Tano za Uchaguzi wa Marekani kutoka Duka la Uhindini, Dodoma

Mwezi uliopita nilinunua katika duka moja la vifaa vya shule lililopo Uhindini, hapa Dodoma, seti ya ramani tano za ukutani zinazoonyesha chama kilichoshinda katika kila jimbo la Marekani kwenye uchaguzi wa rais wa miaka ya 1964, 1976, 1988, 2008 na 2020. Nililipa shilingi 45,000, na mimi ninayefundisha historia kidato cha tano na cha sita sijutii fedha hiyo, ingawa ramani moja inapaswa kuchapishwa upya.

Faida ya seti hii huonekana ramani zikitundikwa kwa mfuatano. Mwaka 1964, Rais Lyndon Johnson wa Democratic alipotia saini Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, mpinzani wake Barry Goldwater wa Republican alishindwa vibaya, lakini pamoja na Arizona, jimbo lake, aliyachukua majimbo matano ya Kusini, ikiwamo Georgia, ambayo hadi wakati huo haikuwahi kukipa chama hicho ushindi wa urais. Jimmy Carter aliirudisha karibu Kusini yote kwa Democratic mwaka 1976, huku California na Vermont zikimwendea Gerald Ford wa Republican. Kwenye ramani ya 2020 California na Vermont ni za Democratic, na sehemu kubwa ya Kusini ni ya Republican.

Mjadala mrefu zaidi darasani ulizuka kuhusu Virginia, ambayo kabla ya 2008 ilikuwa imepigia Republican tangu 1968. Nilipoeleza kwamba kaskazini mwa jimbo hilo, jirani na Washington, wamehamia watumishi wengi wa serikali na wataalamu, mwanafunzi anayeishi Ihumwa alisema kwamba anaelewa jinsi wahamiaji wanavyoligeuza eneo, kwa kuwa ameona mashamba ya jirani zao yakiwa viwanja vya nyumba tangu Mji wa Serikali uanze kujengwa Mtumba. West Virginia ina kisa tofauti: jimbo hilo la wachimba makaa ya mawe lilibaki na Democratic hata mwaka 1988, mgombea wa chama hicho, Michael Dukakis, alipopata majimbo 10 tu, lakini tangu 2000 limekuwa la Republican.

Kasoro imo katika ramani ya 1976, ambayo rangi zake zimegeuzwa: Republican ni buluu na Democratic ni nyekundu. Nadhani mchapishaji alinakili ramani ya zamani, kwa maana rangi hizi zilizoeleka kama zilivyo leo baada ya uchaguzi wa 2000 tu. Wanafunzi wangu walisoma Kusini yote kinyume kwa kipindi kizima, na jambo hilo liliniuma. Aidha, kupaka jimbo zima rangi moja kunaficha mengi. Georgia ya 2020 iliamuliwa kwa kura 11,779 kati ya karibu milioni tano.

Muuzaji alinisikiliza kwa heshima na kuahidi kumfikishia mchapishaji malalamiko yangu. Kwa sasa nimebandika ufunguo mpya wa rangi kwenye ramani hiyo, na ninamshauri kila mnunuzi aifungue palepale dukani kabla ya kulipa.