Kibubu cha namba cha milioni moja: maoni yangu baada ya kukitumia pamoja na mazoezi

Kwa fundi cherehani kama mimi, hela inaingia vipande vipande: elfu mbili ya kupunguza suruali, elfu tatu ya zipu, na sikukuu zikikaribia ndiyo unashika hela ya maana. Hela ya namna hiyo haikai. Ndiyo maana nikanunua kibubu cha namba, vile vya mbao vilivyochorwa vyumba vya 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000, ambavyo ukitumbukiza hela unakata chumba chake kwa wino, na ukivikata vyote unakuwa na milioni. Nilikichukua kwa seremala kwa Sh 15,000. Lengo langu ni mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo za nguo zisifumuke.

Ubora wake mkubwa ni kwamba hakina mlango. Vibubu vingine vinawekwa kikufuli, na ufunguo unakaa nao wewe mwenyewe; hilo ni sanduku tu. Changu kimegongwa misumari pande zote, na ndani, chini ya tundu, kuna kijibao kimelazwa mshazari, kwa hiyo noti ikishateleza hairudi. Mdogo wangu alijaribu kuchokonoa kwa rula na waya, akaambulia vumbi la msumeno. Kwenye simu naweka akiba pia, lakini saa nne usiku namba ya siri iko kichwani na wakala yuko jirani. Hapa mpaka utafute nyundo, na nyumba nzima isikie.

Sasa mazoezi. Kazi yetu ni ya kukaa, mgongo na nyonga ndivyo vinavyoumia. Nikajiwekea sharti: sikati namba kama asubuhi ile sijatoka. Alfajiri natoka Kinondoni mpaka Daraja la Tanzanite, navuka ile kilomita moja juu ya bahari, nageuza. Jumamosi hakuna shida, vikundi vya joging vinapita na fulana zao za sare wakiimba, hata miguu mizito inabebwa. Mtihani ni Jumanne, uko peke yako na usiku mvua ilinyesha. Hapo ndipo kibubu kinaponisaidia. Kipo juu ya kabati, naona vyumba vilivyokatwa kwa wino mwekundu na vilivyobaki, na elfu tano ya jana iko kwenye pochi inasubiri. Nisipotoka inabaki pochini, na mwisho wa hela ya pochini tunaujua. Navaa raba. Nikirudi nakata namba kwanza, ndipo naoga. Nikiumwa, sharti linalegea: kunyoosha viungo chumbani kunatosha.

Dada zangu mnaoanza, msimalize namba ndogo mapema. Wengi wanakimbilia zile elfu moja moja kwa sababu ni rahisi, halafu zinabaki elfu kumi tupu na moyo unakata. Kipindi cha sare za shule na sikukuu pigeni zile kubwa. Ndogo ziachieni mwezi mkavu.

Kasoro zipo. Changu kilivyofika nilijumlisha namba zote kwa simu nikapata 960,000. Muuzaji alisema huwa wanaandika kwa mkono. Nikaongeza mwenyewe vyumba vinne vya elfu kumi pembeni, lakini mnunuzi hapaswi kufanya kazi hiyo. Wino nao ukishikwa na mkono wenye jasho unafutika, kwa hiyo kata kwa maka peni ya kudumu. Na nyumba zetu za pwani zina unyevu, usikiweke sakafuni.

Halafu kibubu hakizai faida hata senti, na si cha kukaa nacho miaka. Mwaka 2025 Benki Kuu iliondoa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa Januari 6 hadi Aprili 5. Mwenye kibubu cha zamani ilimlazimu akumbuke kilichomo ndani. Mimi nasema kisizidi mwaka. Ukivunja, nunua ulichokusudia au peleka benki.

Mwenye mshahara wa mwezi, sikushauri ukinunue. Agiza benki wakate siku hiyohiyo unapolipwa. Lakini mama lishe, bodaboda, msusi, fundi mwenzangu, chukueni cha mbao nene na si cha plaiwudi, na mjumlishe namba palepale kabla ya kulipa. Nakipa nyota nne.