Seti ya poka: karata safi, sarafu zinachanganya

Niliichukua Kariakoo kwa ajili ya poka yetu ya Ijumaa nyumbani. Karata ni plastiki tupu. Soda ilimwagikia ree ya shupaza, nikaifuta kwa kanga, mchezo ukaendelea. Tatizo ni sarafu zake, vile vidude vya kuwekea dau badala ya pesa: hazina namba. Ikabidi tuandike ukutani: nyeupe mia, nyekundu mia tano, nyeusi elfu. Bluu tumeziacha sandukuni, maana chini ya taa ya njano hutaijua ipi ni nyeusi. Shemeji akataka kuchomoa noti katikati ya mkono, yaani mzunguko mmoja wa mchezo. Hapana shem, unacheza na kilicho mezani. Kuongeza pesa mezani ni kabla karata hazijagawiwa. Bawaba za sanduku nazo zimeshalegea. Kwa bei ile silalamiki sana, nyota tatu.