Dawa ya Kuua Vijidudu kwenye Dizeli: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Wasomaji kadhaa wamenilalamikia jambo lile lile: walinunua dawa ya kutunza dizeli ya jenereta, wakaimimina kwenye tangi kama ilivyoelekezwa, na bado filta zikaendelea kuziba. Karibu wote walikuwa wamenunua chupa inayodai kwamba huondoa maji, na hapo ndipo penye tatizo ambalo miongozo mingi huliruka.

Bakteria na kuvu, hasa kuvu aitwaye Hormoconis resinae, hula dizeli lakini huishi majini. Makao yao ni pale maji yaliyotuama chini ya tangi yanapokutana na mafuta. Chota mafuta ya chini kabisa, yatie kwenye chupa ya kioo na uyaache yatulie. Kama tangi limeshambuliwa, utaona utando wa kahawia umetanda kati ya maji na dizeli, nao huvutika kama ute ukiinamisha chupa. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza dawa ina nguvu kiasi gani, bali uliza kama inafika kwenye maji hayo, na ikifika inayafanya nini. Dawa yenye alkoholi au kiambato cha kuchanganya maji na mafuta haiondoi chochote: huyagawa maji kuwa matone madogo mno ambayo kitenganishi, yaani kifaa cha kutenga maji na mafuta, hushindwa kuyanasa, yakapita hadi kwenye pampu na nozeli, huku vijidudu vikiendelea kuishi.

Chaguo langu la kwanza, wala sifichi upendeleo wangu, ni Biobor JF. Huyeyuka katika dizeli na katika maji pia, kwa hiyo hulinda tangi zima na kuwafuata wadudu hao walikojificha. Kipimo cha kuua ni sehemu 270 kwa milioni kwa uzito, na cha kinga ni nusu yake, yaani 135. Ya pili ni Grotamar 82, ambayo inaua vizuri sana, ila hutoa formaldehaidi, kemikali yenye sumu, hivyo glavu na miwani ya kinga si jambo la hiari. Ya tatu ni dawa za jamii ya isothiazolinoni, kama Kathon FP 1.5, ambazo hushuka majini haraka lakini huleta mzio mkali wa ngozi na hazivumilii makosa ya kipimo. Februari 2020 ndege aina ya A321 ilipata hitilafu katika injini zote mbili baada ya kuondoka Gatwick, Uingereza, kwa sababu mafuta yake yalikuwa yametiwa dawa hiyo takriban mara 38 ya kipimo kinachotakiwa.

Chupa za bei rahisi za "kila kazi" ziache. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta ziache pia.

Dawa yoyote utakayochagua, kuua si kusafisha, kwa maana mizoga ya vijidudu hubaki tangini na ndiyo inayoziba filta siku chache baada ya dawa kutiwa. Toa maji kwanza kupitia koki ya chini, tia dawa, zungusha mafuta ili ichanganyike, ipe muda ulioandikwa kwenye lebo, kisha chuja mafuta na utoe mashapo, ukiwa na filta za akiba mkononi. Baada ya hapo, paka dawa ya kutambua maji kwenye ncha ya kijiti cha kupimia kila mara unapokagua tangi. Ile ya Kolor Kut hugeuka nyekundu ikigusa maji. Dizeli iliyochanganywa na biodizeli inahitaji ukaguzi wa karibu zaidi, kwa kuwa hubeba maji mengi kuliko dizeli ya kawaida.

Kinachonikera ni wauzaji wanaojaza lebo picha za injini zinazong'aa na kuficha jina la kiambato kinachoua, kisha wakauza vichupa vidogo ambavyo, ukipiga hesabu kwa lita ya dizeli inayotibiwa, ni ghali kuliko dumu la dawa halisi. Mnunuzi ana haki ya kujua anachokimimina kwenye tangi lake. Omba karatasi ya usalama ya bidhaa kabla ya kulipa. Muuzaji akishindwa kuitoa, au ikikosa jina la kiambato hicho, nenda duka jingine.