Nguo za Mitumba za Ngamiani Katika Baridi ya Winnipeg

Atakayesikia kwamba familia ya Tanga ilijiandaa kwa likizo ya Desemba mjini Winnipeg, Kanada, kwa nguo za mitumba za Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, huenda akadhani tulifanya hivyo kwa kukosa namna. Fedha ilihusika, sikatai, kwa kuwa koti jipya la baridi kali huko Kanada huuzwa kwa dola mia kadhaa, na sisi tulikuwa watu watano. Hata hivyo, baada ya kuzivaa nguo hizo kwenye theluji, watu wazima kwa watoto, naweza kulipendekeza banda tulilonunulia kwa sifa zake lenyewe, isipokuwa kwa bidhaa chache nitakazozitaja.

Banda hilo halina kibao. Mwenyewe ni mzee anayeuza makoti, majaketi, sweta nzito na suruali za theluji, basi, na wateja wake wa kila siku ni vijana wa bodaboda wanaotoka alfajiri, wavuvi wa usiku wa Deep Sea na Sahare, na watu wanaopanda Lushoto mwezi wa Juni na Julai. Kwa sababu hiyo makoti makubwa ya kiume huondoka mara tu belo linapofunguliwa, ilhali ya kike na ya watoto hubaki yakining'inia na bei yake hushuka. Majaketi ya watoto yaliyo katika hali nzuri tuliyapata kwa kati ya shilingi 10,000 na 15,000, na la mtu mzima halikuzidi 35,000 baada ya kupatana.

Kilichonivutia zaidi ni ujuzi wa mwenye banda. Nilipomwamkia na kumweleza tunakokwenda, hakukimbilia kunionyesha koti zito kuliko yote, bali aliniuliza, "Mwanangu, huko mnakokwenda kuna upepo?" Swali hilo lilikuwa mahali pake kabisa. Winnipeg imekaa kwenye tambarare pana isiyo na milima ya kuukinga mji, na wastani wa hali ya hewa mwezi Januari ni nyuzi joto 16 hivi chini ya sifuri. Upepo ukivuma, mwili huhisi baridi kali zaidi ya hiyo, kwa sababu upepo huichukua ile hewa ya uvuguvugu inayouzunguka mwili. Zipo siku ambazo baridi pamoja na upepo huhisiwa kama nyuzi 40 chini ya sifuri, na hapo ngozi iliyoachwa wazi inaweza kuganda ndani ya dakika kumi hivi. Mtu aliyezoea kwamba baridi ni ile ya Lushoto, ambayo sweta moja huimaliza, anahitaji muuzaji anayeuliza maswali ya namna hiyo.

Alichukua koti la kwanza, akalilaza mezani, akalikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka likawa bapa, kisha akaliachia. Liliinuka upande mmoja tu. Alipolinyanyua kuelekea kwenye mwanga, niliona manyoya ya bata yamejikusanya vifundo vifundo chini ya mishono, na katikati vimebaki vitambaa viwili vitupu. Akaliweka kando mwenyewe, bila kujaribu kunishawishi. Koti la pili liliumuka kama andazi ndani ya mafuta, lote kwa pamoja. Hapo akachovya vidole katika kikombe cha maji na kuyanyunyizia begani mwa koti. Matone yakaviringika na kuteremka bila kupenya. Kinachotunza joto katika koti la aina hiyo ni hewa iliyotulia kati ya manyoya, wala si uzito wa kitambaa, na manyoya yakishikana au yakilowa, hewa hiyo haina pa kukaa. Koti hilo la pili ndilo nililolivaa safari nzima, na halikuniangusha hata siku moja.

Kwa nguo za katikati, yaani sweta zinazovaliwa chini ya koti, banda hili lina mali nyingi na nzuri. Tulichagua kwa kusoma lebo, tukichukua za sufu na za polista na kuziacha za pamba hata zilipokuwa nene na za kupendeza. Pamba, ambayo kwetu Pwani ndiyo nguo ya raha, hunywa jasho na kulishikilia, na mtoto aliyekimbia kwenye theluji kisha akasimama na fulana ya pamba iliyolowa hupoteza joto upesi. Sufu nayo huendelea kutunza joto kiasi hata ikiwa na unyevu. Nguo za ndani za kubana mwili hatukuzinunua hapo, kwa sababu za usafi. Wifi yangu anayeishi Winnipeg alitununulia mpya na kutungoja nazo. Kwa sisi wanawake tunaovaa ushungi, wa kitambaa chepesi cha polista ulifaa chini ya boshori, kwa kuwa ulifunika shingo na masikio na kukauka haraka, ilhali wa pamba uliloa kwa pumzi mbele ya mdomo na kukakamaa tulipokuwa nje.

Suruali za theluji za watoto, zile zenye mikanda ya mabegani, zilikuwa bora kuliko nilivyotarajia. Nilishauriwa nizichukue kubwa kidogo ili sweta na taiti zikae ndani bila kubanana, na nihakikishe kwamba ndani ya miguu kuna kitambaa cha pili chenye mpira, kinachoshika buti na kuzuia theluji isipande juu. Mzee alifunga kitanzi cha uzi mnene kwenye kila zipu ya watoto, bila malipo, akieleza kwamba mtoto aliyevaa glavu hawezi kushika kile kibati kidogo. Nilikuja kushukuru sana kwa vitanzi hivyo kila tulipokuwa tukitoka nje. Glavu zenyewe tulichukua zile zinazoviweka vidole vinne pamoja na kidole gumba peke yake, kwani vidole vikikaa pamoja hupeana joto.

Buti sizipendekezi, na hapa nasema kwa mkazo. Soli nyingi za buti za theluji hutengenezwa kwa povu la plastiki ambalo huoza taratibu kwa joto na unyevunyevu, na hewa ya Tanga ina vyote viwili. Jozi tuliyomnunulia mwanangu ilionekana mpya kwa juu, lakini alipoijaribu sebuleni kwetu, soli ya kulia ilimeguka vipande. Mwenye banda alikubali tuibadilishe kwa sweta, jambo ambalo wauza mitumba wengi hawalifanyi, ila hakuwa na buti za kuaminika zaidi. Kwa watoto ni afadhali buti zinunuliwe mpya huko huko, tena zenye nafasi ya vidole kuchezea ndani ya soksi nene, kwa sababu buti inayobana huzuia damu na mguu hupoa hata kama soksi ni nzuri.

Kuhusu kufunga mizigo, majaketi yenye manyoya ya bata hubanwa yakawa madogo sana kwa mifuko ya plastiki ya kutolea hewa, na kwa sisi tulioruhusiwa kilo 23 kila mmoja, hilo lilitupa nafasi kubwa. Hata hivyo koti, boshori na glavu za kila mtu zikae kwenye begi la mkononi, kwani sanduku linaweza kuchelewa kwenye kuunganisha ndege na hakuna anayeweza kutoka uwanjani majira hayo akiwa na shati tu. Mafuta ya nazi tuliyobeba yaliganda chupani, maana huganda hewa ikishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwa ngozi na midomo inayopasuka na hewa kavu ya nyumba zenye hita, mafuta mazito ya mgando yalitufaa zaidi.

Anayesafiri Desemba aende bandani Septemba, kabla ya mvua za vuli. Nguo zote zina ile harufu ya dawa ya mitumba na lazima zifuliwe, na koti la manyoya ya bata linataka jua la siku kadhaa, huku likipigwapigwa ili manyoya yasishikane. Mzee hupokea kianzio na kukuwekea mzigo, na ukimwachia vipimo vya watoto hukutafutia saizi zao belo jipya linapofunguliwa.