Mizani ya saa kwa wanunuzi wa asali Tabora: kilo 50 au kilo 100?

Wanunuzi wanaofuata asali Sikonge, Urambo na Uyui wengi hubeba mizani ya kuning'iniza yenye uso wa saa, na ukiwauliza kwa nini wamechukua ya kilo 100 watasema kubwa ndiyo imara. Kwa ndoo za asali, hiyo ya kilo 100 haifai.

Uso wake kwa kawaida umegawanywa nusu kilo nusu kilo. Wa kilo 50, gramu 200. Lita moja ya asali nzuri ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hadi kwenye alama hutoa kama kilo 28, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kwenye saa ya kilo 100 mshale haufiki hata theluthi ya uso, na ukisimama katikati ya vistari viwili, robo kilo humwendea mwenye mdomo mrefu.

Kabla ya kulipa dukani, omba mawe manne ya kilo 5 yenye mhuri. Tundika mizani tupu, hakikisha mshale uko kwenye sifuri, kisha ongeza jiwe moja moja: 5, 10, 15, 20. Halafu yashushe moja moja ukisoma tena. Mshale ukionyesha 10 wakati wa kupanda na 10 na ushee wakati wa kushuka, springi imechoka au kuna kitu kinakwaruza ndani. Rudia mara tatu. Mizani inayozidisha gramu 200 kila mara, kwa kila uzito, hurekebishwa kwa skrubu ya sifuri. Ile inayotoa jibu jipya kila ukipima, iache hapo hapo hata kama ni ya bei ya kutupa.

Inayoharibu mizani nzuri ni mikono. Kuiacha imebeba mzigo usiku kucha huvuta springi isirudi vizuri. Asali ikidondokea ndoana na kushika vumbi, sifuri inahama. Kuna wanaozungusha skrubu ili kufuta uzito wa ndoo tupu, kisha wanaleta ndoo nyingine nyepesi zaidi na kusahau. Mkulima anapunjwa bila mtu kukusudia. Pima ndoo tupu na mfuniko wake, andika, toa kwa kalamu. Na usome ukiwa umesimama sawa na uso wa saa, si kutoka ubavuni.

Za dijitali za kuning'iniza husoma hadi gramu 10 au 20 na zinavutia, ila nyingi zimetengenezwa kwa mabegi ya safari na zimeandikwa kabisa kwamba si za biashara. Betri ikichoka namba huanza kuyumba. Kwenye ghala, mizani ya dijitali ya jukwaa ni bora kuliko hizi zote, mradi sakafu iwe tambarare.

Mizani uliyoijaribu hivyo ina faida nyingine: ndoo ya lita 20 iliyojaa ikitoa kilo 26 baada ya kuondoa chombo, shuku maji kabla hujashuku mizani.

Usiitumie kununulia kabla Wakala wa Vipimo hawajaihakiki na kubandika stika. Mwaka ukiisha, irudishe ihakikiwe upya.