Kumbe ilitakiwa ilie

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe mapema. Hiki kidude cha kuvutia unga wa pumu, kile cha kapsuli chenye vitufe viwili ubavuni, nilikuwa nimeshakipa sifuri. Sasa hivi sijui nikipe ngapi. Ila famasia iliyoniuzia, sifuri yake ipo palepale.

Mimi nauza maharage Soko la Kilombero hapa Arusha. Anayeijua kazi hiyo anajua: ukipepeta gunia moja, vumbi lote linahamia kifuani. Pumu ninayo tangu usichana, na miaka yote nimetumia ile pampu ya kupuliza, ya kutikisa kwanza. Kipindi kile cha baridi kifua kikawa kinabana kila usiku, daktari akaniongezea dawa ya kila siku, ya unga. Akaandika, nikaenda kununua.

Dirishani nilimkuta dada mmoja, simu kaibana kwa bega. "Samahani dada, hii inatumikaje?" Simu hakushusha. "Ni kama ileile ya kupuliza, mama. Unavuta taratibu tu. Karatasi ipo ndani." Nikamwambia karatasi ni ya Kiingereza na maandishi yenyewe kama sisimizi. Akanitazama kuanzia kanga mpaka ndala, akasema, "Kwani nyumbani huna mtoto aliyesoma?" Watu wa foleni wakacheka. Hela ya kodi ya kizimba nilitoa pale, nikarudishiwa chenji na kicheko.

Basi nikavuta taratibu. Wiki mbili, tatu, sikumbuki. Natikisa kwanza, mazoea. Vitufe nabonyeza mara nne, tano, maana mara moja niliona haitoshi, na siku nyingine nakuta vipande vya kapsuli kwenye ulimi kama maganda ya karanga. Halafu kabla ya kuvuta natoa pumzi humohumo ndani, puu, nikidhani nasafisha njia. Nikifungua, unga upo vilevile, umeshikana kama sembe iliyonyeshewa. Natupa. Asubuhi natupa, jioni natupa, hela yangu, kwa mkono wangu mwenyewe. Usiku nimeegemea ukuta nasikiliza kifua kinapiga filimbi, namlaani aliyekitengeneza.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa mpangaji mwenzangu, yuko kidato cha pili, naye ana pumu. Alikuja kuomba chumvi akanikuta navuta.

"Shikamoo mama mkubwa."

Nikaitikia kwa kichwa, mdomo una kazi. Akasimama ananiangalia.

"Mbona yako hailii?"

"Ilie nini?"

Akakimbia kuleta yake. Akafuta mikono kwenye kaptula mpaka ikakauka, akabandua kapsuli moja kwenye karatasi yake saa ileile. Mimi zangu zote nilikuwa nimezimwaga kwenye kikopo cha mafuta ya kupaka, eti zisipotee, kumbe nazilisha unyevu. Akaweka, akafunga, kikalia ka! Vitufe akabonyeza mara moja tu, akaachia. Akageuza uso pembeni akatoa pumzi zote, mbali kabisa na kidude. Akabana midomo, kisha akavuta kwa nguvu, kwa mkupuo mmoja mrefu, kama mtu anayefyonza uboho kwenye mfupa. Ndipo nikasikia: vrrrrr. Kapsuli inazunguka mle ndani kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Akabana pumzi, akahesabu kwa vidole mpaka kumi. Akafungua akanionyesha ganda tupu, unaona mwanga upande wa pili. Unga ukibaki, akasema, unavuta tena hiyohiyo. Mwisho akasukutua na kutema, maana dawa yetu hiyo ukiiacha mdomoni inaweza kukuletea utando mweupe wa fangasi.

"Ile pampu ina gesi inayosukuma dawa, ndiyo maana unavuta polepole. Hii haina gesi, mama mkubwa. Inasukumwa na pumzi zako. Ukivuta kinyonge, unga unabaki umelala."

Nikamuuliza nani kamfundisha. Nesi wa kliniki, alimfanyisha mbele yake mara tatu. Mara tatu! Dakika tano hazifiki. Mimi hizo dakika tano zililiwa na simu.

Kwa hiyo kidude ni kizuri. Jamani, ni kizuri. Siku yangu ya kwanza kilipolia nilicheka nikapaliwa. Baada ya siku kadhaa nikalala chali, kitu nilichokuwa nimekisahau. Na hakuna ile shida ya pampu, kidole kinabonyeza huku mdomo bado haujajiandaa.

Lakini hebu ngojeni. Mwenye pumu unamwambia avute kwa nguvu? Kifua kikibana kweli, hiyo nguvu unaitoa wapi? Na dawa yangu hii ni ya kuzuia, siyo ya kukata shambulio. Pampu ya kupuliza bado inakaa mfukoni mwa aproni. Na hilo pia dada hakusema. Ningeiacha pampu nyumbani nikijua nina unga, leo mngekuwa mnachanga rambirambi.

Juzi nilirudi palepale, maana kwingine sikuipata. Dada yuleyule. Ilikuwa saa ya dozi yangu ya jioni, nikakitoa hapohapo dirishani, nikavuta mpaka foleni nzima ikageuka. Vrrrrr. "Inatakiwa ilie hivi, dada yangu. Siyo taratibu."

Nilijiandaa kwa jibu la shombo. Akashusha simu. "Mimi hii nauza tu, mama. Sijawahi kuona mtu akiitumia."

Nikakosa la kusema. Akaniomba nimwonyeshe tena, nikamwonyesha bila kapsuli, vitufe mara moja, pumzi pembeni. Akawa anarudia nyuma yangu kwa mkono mtupu. Basi hiyo sifuri naifanya mbili. Ile ya ndala bado sijaisamehe.